Hatushuki Havraní

VLASTA: Haloo? Ni nani huyo? Sema haraka, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika mlingoti wa antena.

RADIM: Haloo... dada? Ni mimi.

VLASTA: Mimi nani? Huku upepo unavuma, nasikia krr krr tu.

RADIM: Radim. Mdogo wako.

[Upepo.]

VLASTA: Kweli nina mdogo mmoja anaitwa hivyo. Lakini huyo hupiga simu Krismasi. Leo ni Jumapili ya mashindano ya redio, vilele vinaitana hewani, watu wana kazi.

RADIM: Shikamoo, dada.

VLASTA: Marahaba. Haya, umesalimia, nimeitikia. Kwaheri.

RADIM: Usikate, ngoja kwanza—

VLASTA: Ningoje nini? Otakar akigonga sufuria lazima nigeuze.

RADIM: Sufuria gani tena?

VLASTA: Ya viazi. Akigonga mara moja naugeuza mlingoti uelekee Polandi. Akigonga mara mbili naupeleka Hungaria. Mota ya kugeuzia ilikufa jana, hata chai ya kufungulia mashindano hatujaimaliza. Moshi kidogo, harufu kidogo, basi. Sasa mota ni mimi.

RADIM: Nilijua.

VLASTA: Ulijua nini?

RADIM: Kwamba mnageuza kwa mkono. Nawasikia kutoka huku kilele cha Studený. Mota huzunguka mwendo mmoja, kama saa ya ukutani. Nyie mnakuja polepole, mnapitiliza, halafu mnarudi kidogo, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Nikamwambia Hynek, pale kileleni Havraní kuna mtu anasukuma kwa bega.

VLASTA: Na huyo injinia wako akasema nini?

RADIM: Alicheka.

VLASTA: Acheke. Yeye mlingoti wake unapanda kwenye lori kwa kubonyeza kitufe. Akipata kikohozi kitufe atabonyezewa na nani?

RADIM: Dada, Otakar yuko wapi? Kugeuza si kazi yake?

VLASTA: Aliita na kugeuza usiku mzima, maskini, anatoka na kuingia. Alfajiri mgongo ukakwama, akabaki ameinama kama mtu anayetafuta uyoga. Nikamwambia nyooka, akaniambia ninyooshe wewe. Nimemlaza hemani kwenye kitanda cha kukunja, nimempaka mafuta ya bata bukini kuanzia shingoni, ananuka sikukuu ya Mtakatifu Martin, ile ya kula bata bukini, kabla ya wakati. Redio nimemwekea kifuani. Anaongea na dunia akiwa chali.

RADIM: Basi mko wawili tu.

VLASTA: Wawili ndio kikosi. Sheria inasema kikosi ni kuanzia watu wawili. Haikusema wote wawe wamesimama.

RADIM: Mimi nasema kwa ajili ya afya yako. Kukisukuma chuma kile na upepo huu—

[Mlio wa sufuria, mara moja.]

VLASTA: Subiri. Polandi.

[Kukwaruza. Pumzi nzito.]

VLASTA: ...Haya. Ulikuwa unasema habari ya afya.

RADIM: Unahema.

VLASTA: Wafu ndio hawahemi. Endelea.

RADIM: Hynek amesema... nisikilize mpaka mwisho, usinikatize.

VLASTA: Nakukatiza mimi?

RADIM: Amesema anaweza kutuma vijana wawili na gari, sasa hivi, wawasaidie kuushusha mlingoti taratibu na kumpeleka Otakar kwa daktari. Na wewe uje huku kwetu. Kuna kiti cha maana, kuna kahawa ya mashine, utakaa ndani ya lori usikilize tu. Hana ubaya, alisema mama wa watu asiteseke.

VLASTA: Mama wa watu.

RADIM: Ndivyo alivyosema.

VLASTA: Huyo Hynek mama yake mzazi anamsalimu lini? Lakini tuache hayo. Hao vijana wake wakinishusha sasa hivi, kengele ya mashindano inalia saa ngapi?

RADIM: Saa kumi jioni. Unajua.

VLASTA: Najua. Nataka uitamke wewe. Na kikosi kikishuka kabla ya saa kumi, kilele kinakuwa cha nani?

RADIM: Dada...

VLASTA: Wewe umezaliwa chini ya vilele hivi kama mimi. Desturi yetu inasema nini?

RADIM: Anayekaa mpaka kengele, kilele ni chake mwaka unaofuata. Anayeshuka kabla, kinakwenda kwa aliyekiomba.

VLASTA: Na Havraní imeombwa na nani?

[Mtandao unakwaruza.]

VLASTA: Haloo? Simu imekufa au ni ulimi?

RADIM: Na Hynek.

VLASTA: Ahsante. Basi mwambie gari lake lina njia nzuri ya kwenda baharini, alitumie huko. Hatushuki. Otakar akizidiwa nitambeba mgongoni baada ya kengele, na si dakika moja kabla. Nimemuuliza mwenyewe asubuhi, nikamwambia mzee mwenzangu, nikuitie daktari, mashindano yaishe? Akaniambia daktari aje akitaka, lakini aje na betri.

RADIM: [anacheka kidogo] Ndiye yeye.

VLASTA: Usicheke. Ulipoteza haki ya kumcheka Otakar majira ya kuchipua, siku ile uliyokuja kuchukua maiki yako na viatu vyako vya mvua, ukasema unakwenda Studený kwa wenye vifaa. Hata supu hukumaliza.

RADIM: Sikuwa na njaa.

VLASTA: Ilikuwa supu ya kitunguu saumu. Hakuna mtu asiye na njaa mbele ya supu ile. Marehemu mume wangu Bohdan aliupandisha mlingoti wa kwanza hapa kwa mkokoteni wa ng'ombe wa baba yake, na ng'ombe akalala katikati ya njia, na wewe ukiwa umekaa juu ya nyaya unakula plamu. Leo unaniletea gari la Hynek.

RADIM: Sikupiga kwa ajili ya gari.

VLASTA: Kumbe?

RADIM: Gari ni... ilibidi nilitaje. Niliaga mezani kwamba naenda kulipeleka neno hilo. Sasa nimelipeleka.

VLASTA: Na sauti yako mbona imepungua? Uko wapi?

RADIM: Nyuma ya lori. Karibu na choo.

VLASTA: Mahali pako.

RADIM: Dada, kwa hisani yako, nisikilize. Tangu jana nawaita hewani. Naita Havraní, Havraní, hapa Studený. Jana jioni, usiku, leo asubuhi. Hakuna jibu. Hamnisikii?

VLASTA: Tunakusikia.

RADIM: Mnanisikia?

VLASTA: Uko ng'ambo ya bonde tu, jana nimewaona mkianika soksi. Unasikika mpaka kwenye jino la dhahabu la Otakar.

RADIM: Mbona hamjibu?

VLASTA: Nilimkataza. Mara ya kwanza ulipoita alishafungua mdomo, nikauweka mkono wangu juu ya maiki. Akanibishia, akasema Vlasta, hiki kitu hakifanywi, toka nijue redio sijaona. Nikamwambia leo utaona. Akanuna mpaka saa ya maandazi.

RADIM: Dada, huo ni mwiko. Anayekuita kwenye mashindano unampa namba yake, anakupa yako, iwe ushahidi kwamba mmesikiana, hata kama ni shetani. Bohdan alimjibu yule jamaa aliyemwibia waya wa shaba. Akampa namba, akamtakia mashindano mema, halafu ndipo alipozima maiki na kutukana.

VLASTA: Bohdan alikuwa na roho ya Bohdan. Mimi nina yangu. Kwani mmepungukiwa nini? Mashindano haya kilometa ndiyo pointi. Kwenu na kwetu kuna kilometa gani? Pointi za kununulia kiberiti.

RADIM: Si habari ya pointi.

VLASTA: Ni habari ya nini?

RADIM: Mwezi wa kumi. Mkutano wa vilele.

VLASTA: Ndiyo. Nitakuja na keki, kama kila mwaka.

RADIM: Pale mkutanoni, kikosi kikisimama kusema tulikaa mpaka kengele, nani huulizwa kama ni kweli?

VLASTA: Jirani. Kilele cha jirani ndicho shahidi. Mbona unaniuliza mambo ya— [anakatika] ...

[Upepo.]

RADIM: Haloo? Dada?

VLASTA: Nipo.

RADIM: Zamani jirani yenu alikuwa mzee Vavřinec. Huyo hata mkipiga chafya alisikia. Vavřinec hayupo tena. Studený sasa ni ya—

VLASTA: Najua ni ya nani. Hynek amesema nini?

RADIM: Sikusema amesema kitu.

VLASTA: Radim.

RADIM: ...Alisema leo mchana, tukila. Anatafuna huku anaongea, unajua alivyo. Alisema, sisi ndio majirani wa Havraní, na hatujapeana nao namba hata mara moja. Mkutanoni nitasimama nitasema kweli tupu, sipunguzi wala siongezi. Nilisikia mzee mmoja anakohoa kwenye maiki. Kikosi sikukisikia. Vijana wakaangua kicheko, mmoja akampigia makofi. Na unajua kibaya zaidi ni nini?

VLASTA: Hatakuwa amesema uongo.

RADIM: Hatakuwa amesema uongo. Tangu jana hewani yupo Otakar peke yake. Wewe uko kwenye mlingoti. Wa mbali wanasikia jina la kikosi, wanaandika, wanapita, hawana habari na idadi yenu. Sisi ndio tunaojua sauti zenu, na sisi hamtaki kusema nasi.

VLASTA: Kwa hiyo kamba nimeisokota mwenyewe.

RADIM: Yeye ameishika tu upande wa pili.

[Mlio wa sufuria, mara mbili.]

RADIM: Hungaria hiyo.

VLASTA: Nimesikia. Angoje.

[Sufuria tena, mara mbili, kwa hasira.]

VLASTA: [mbali na simu] Otakar, ngoja! Niko kwenye simu! ...Na mdogo wangu! ...Ndiyo, huyo huyo! ...Hapana, hataki kukuuzia kitu!

RADIM: Anasemaje?

VLASTA: Anasema nikuulize kama kahawa ya mashine ina povu.

RADIM: Mwambie inalo.

VLASTA: Simwambii. Atapona mgongo kwa wivu, kisha nikose wa kumpaka mafuta. Sasa nieleze vizuri. Umenipigia ili nimpigie Hynek magoti? Nimwite kwa sauti tamu, Studený, Studený, tafadhali mzee, nipe namba?

RADIM: Sikusema Hynek. Hynek akishakula hulala. Kwa sasa aliye kwenye ma—

VLASTA: Nyamaza.

RADIM: Nilitaka kusema tu—

VLASTA: Nyamaza nimesema. Usiniambie nani ameshika maiki. Usiniambie mko masafa gani. Usiniambie utakuwa wapi baada ya dakika ngapi. Neno moja tu la hayo likipita kwenye simu hii, namba tutakayopeana ni chafu, na mimi siwezi kuipeleka mkutanoni, hata kama hakuna anayejua.

RADIM: Hakuna atakayejua.

VLASTA: Mimi nitakuwa nimejua. Wewe utakuwa umejua. Otakar amelala chali lakini masikio hayakulala. Ya hewani hupatikana hewani. Nani alikufundisha hivyo?

RADIM: Bohdan.

VLASTA: Bohdan alikufundisha kutafuna ukiwa umefunga mdomo. Hilo la hewani nilikufundisha mimi, jikoni, ukiwa unapiga kijiko kwenye kikombe.

RADIM: Kweli. Ulikuwa wewe.

VLASTA: Basi.

[Mtandao unakwaruza.]

RADIM: ...sikii... dada, unanisikia?

VLASTA: Sasa nakusikia. Nimesogea upande wa jua.

RADIM: Nasema, sikuwahi kukwambia kwa nini niliondoka.

VLASTA: Ulisema vifaa.

RADIM: Si vifaa.

VLASTA: Na mimi sikuamini vifaa. Wewe hujui kutumia hata simu uliyoshika.

RADIM: Mwaka jana ulinikalisha kwenye kiti cha Bohdan. Ukanivisha vile visikilizio vyake, vile vya ngozi vinavyonuka tumbaku, ukasema haya, usiku ni wako, ita. Nikaita. Kila mtu aliyejibu aliuliza, Bohdan hajambo? Mpoland, Mjerumani, yule daktari wa Austria. Usiku wote. Nikawa nawaambia mmoja mmoja. Huku naandika namba na kusema ahsante.

VLASTA: Ungeniambia.

RADIM: Ulikuwa unacheka, dada. Ulikuwa nje unakaanga soseji na Otakar mnacheka. Nikadhani wewe umeweza.

[Upepo. Mlio wa sufuria, mara mbili, kwa upole.]

VLASTA: Nilikuwa nje kwa sababu ndani kulikuwa na kiti.

RADIM: ...Ndiyo.

VLASTA: Haya. Yamesemwa. Hatutayafua tena, yatapauka. Hynek akijua uliyoniambia kwenye simu hii?

RADIM: Atanitoa kikosini.

VLASTA: Utakwenda wapi?

RADIM: Sijui.

VLASTA: Sikuuliza ili nikukaribishe.

RADIM: Najua.

VLASTA: Na usije ukaacha kazi ya watu ukapanda huku kwa miguu kama mtu wa sinema. Umeandikwa Studený. Mpaka saa kumi wewe ni wa Studený, na uwafanyie kazi kwa moyo mmoja, namba zao uziandike vizuri, usiniharibie jina la ukoo. Kilichobaki ni baada ya kengele.

RADIM: Sawa, dada.

VLASTA: Sasa sikiliza, nitakwambia neno ambalo siyo la masafa wala la saa. Mimi sitaitikia mtu wa Studený. Nilisema sijibu, na neno langu silili. Tangu jana mmeita mkakosa jibu, na mkiita mpaka kengele mtakosa.

RADIM: Dada, sasa hiyo itakuwaje? Nimekueleza yote haya—

VLASTA: Hujasikia mwisho. Nyie mmehamia majuzi na lori lenu. Sisi tuko hapa tangu wakati wa ng'ombe. Nani anabisha hodi kwa nani? Mwenye mji huita, mgeni akaitikia. Kama kuna mtu huko ana masikio, basi ana masikio. Sauti yangu aijue mwenyewe. Aitafute mwenyewe.

RADIM: Masafa ni mapana, dada. Na saa ya mwisho kila mtu anapiga kelele.

VLASTA: Wewe mtoto ulikuwa unanisikia nikifungua kopo la jemu ukiwa bustanini.

RADIM: [anacheka] Jemu ya plamu.

VLASTA: Basi usiniambie upana.

RADIM: Lakini ukiingia hemani kuita, nani atashika mlingoti? Upepo utauzungusha. Huwezi kuwa pande zote mbili.

VLASTA: Nitaufunga kwa mkanda wa Otakar. Amelala, suruali yake haina safari.

RADIM: Na utauelekeza wapi?

VLASTA: Swali hilo sikulisikia.

RADIM: Samahani.

VLASTA: [mbali na simu] Otakar! Acha sufuria, nakuja! ...Nimesema iache! Tunageuza, lakini siyo Hungaria!

[Sauti ya mwanamume kwa mbali, haieleweki.]

VLASTA: [mbali na simu] Najua yupo Mhungaria! Najua yuko mbali! Utampata mwaka ujao, tukiwa na mlima wa kumwitia! ...Kwa sababu nimesema! ...Basi nilikosea jana, umefurahi? Liandike kwenye hema kwa mkaa!

RADIM: Umemwambia umekosea?

VLASTA: Nimemwambia. Ameomba nirudie, anasema upepo ulikuwa mkali.

RADIM: Dada, mtapoteza pointi nyingi. Saa hii ndiyo Wahungaria wanafunguka, sisi wenyewe tunawavuta kama samaki. Mkiwapa mgongo kule—

VLASTA: Pointi ni za kombe. Kombe lenyewe ni la bati, Otakar anatilia misumari. Mimi nimekuja kukaa, na nimekaa. Hynek anataka kusema kweli tupu mbele ya watu? Nitampa kweli ya kusema. Atasimama pale mwezi wa kumi, na tai yake, aseme nilimsikia mwanamke, nilimsikia na mwanamume, niliwasikia wote wawili, na namba zao ninazo. Nitakaa mstari wa mbele. Nitakuwa nimevaa kofia.

RADIM: Na kama atakataa kuiandika namba? Akiamka akakuta—

VLASTA: Namba iliyopeanwa imepeanwa. Yeye anayo, na sisi tunayo. Akiifuta yake, yetu itamuuliza. Na kuna mtu pale atakayesimama aseme aliipokea kwa mkono wake. Au hayupo?

RADIM: Yupo.

VLASTA: Hata kama siku hiyo hana kikosi?

RADIM: Hata hivyo.

VLASTA: Haya.

[Mlio mfupi wa simu.]

RADIM: Nini hiyo?

VLASTA: Simu yangu inaomba moto. Inakufa.

RADIM: Si uichaji kwenye jenereta?

VLASTA: Chaja inapiga filimbi ndani ya redio, Otakar ameifungia kwenye ndoo. Sikiliza, umekula?

RADIM: Tumekula. Tambi.

VLASTA: Tambi. Jumapili. Kilele kizima cha mainjinia hakuna hata mmoja wa kukaanga kipande cha nyama. Mimi nina ya kukaanga na chenga za mkate, ipo kwenye bakuli chini ya taulo, na saladi ya viazi. Tumekula wawili, imebaki ya mtu wa tatu. Kila mwaka nakosea kipimo.

RADIM: Dada...

VLASTA: Baada ya kengele nyama baridi ni tamu kuliko ya moto. Hilo kila mtu analijua, sijamwambia mtu kitu.

[Simu inalia tena.]

RADIM: Mgongo wa Otakar, baada ya saa kumi, mtamshushaje?

VLASTA: Atashushwa na atakayepanda. Radim, naugeuza mlingoti sasa. Ngoja nisukume.

[Kukwaruza kwa chuma, muda mrefu. Pumzi.]

RADIM: Polepole. Tumia mguu, siyo kiuno.

VLASTA: Usi... nifundishe... kusukuma.

[Kukwaruza kunakoma.]

RADIM: Dada, mlango wa lori uko wazi. Namsikia Otakar anaita redioni humo ndani, sauti yake inapanda, inazidi kupanda, sasa inajaa—

VLASTA: Usiniambie unasikia nini.

RADIM: Samahani. Nimenyamaza.

VLASTA: Na ondoka hapo chooni. Mtu hashindi mashindano akiwa chooni.

RADIM: Naondoka. Natembea. Hynek bado anakoroma. Dada, asante kwa—

VLASTA: Bado hujapewa kitu. Shika adabu, shika kalamu.

RADIM: Haya. Kwahe—

VLASTA: Kata, Radim. Nataka kuita.